Vijiti Viwili Sandukuni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake: hakuna aliyepewa zote, wala aliyenyimwa kabisa. Muzee Sikuli, mwenye tanuri la mikate huko Munigi, aliijua methali hiyo kwa mdomo tangu utoto. Kuijua kwa moyo kulimgharimu msimu mzima wa mvua.

Msimu huo mikate yake ilitoka na rangi nzuri nje, lakini ndani ilikuwa mibichi kama ugali uliopakuliwa kwa pupa. Shule ya bweni iliyokuwa mteja wake mkubwa ikairudisha mara mbili. Sista mlezi akasema atangoja hadi Jumamosi tu. Lawama zote zikamwangukia Prodige, mwokaji, baba wa watoto wanne.

"Jumamosi ukinitolea tena mikate mibichi, utafute patroni mwingine," Sikuli alimwambia mbele ya wenzake. Prodige akainamisha kichwa. Unga ulikuwa uleule, mikono ileile; kosa hakuliona.

Si kwamba Sikuli hakutaka mashauri. Wiki tatu nyuma alikuwa ametundika ofisini sanduku la maoni, chini kidogo ya diploma yake ya shule ya jioni, na kubandika masharti: kila wazo liandikwe kwa Kifaransa safi, na mwandishi atie sahihi. Hadi siku hiyo sanduku lilikuwa limepata karatasi moja: "Vive le patron!" Sifa hiyo ya "patroni na aishi" iliandikwa na dereva aliyekuwa akiomba likizo.

"Wafanyakazi wangu vichwa vyao ni vitupu kama lile sanduku," alimlalamikia mkewe Kahindo mezani siku ya Jumatano.

Kahindo akacheka hadi akaweka kijiko chini, akamwita kwa jina la binti yao. "Papa Charline, kabla ya shule ya jioni, nani alikuwa anakusomea barua? Si miye? Na siku zile ulikuwa mujinga?"

"Mujinga? Hapana! Nilijenga tanuri kwa akili yangu mwenyewe!"

"Basi."

Neno hilo moja likamchoma kama mwiba. Aliwezaje kusahau aibu ya kushika kalamu mara ya kwanza akiwa na mvi? Alhamisi asubuhi alilihamishia sanduku nyuma ya tanuri, karibu na kuni, akachana masharti yake. "Lugha yoyote," alitangaza. "Jina si lazima. Asiyejua kuandika atumie anachojua."

Ijumaa alipolifungua alikuta vijiti viwili vimefungwa kwa ukambaa wa mgomba: kimoja kikavu, kingine kibichi.

"Nani ananichezea?" alinguruma.

Mukamugema, mama mbeba kuni, akasogea akipangusa mikono kwenye kitenge. "Ni miye, papa. Siyo muchezo. Kuni mupya zikifika, wanazimwaga juu ya zile za zamani. Siku zote tunachoma za juu, zenye maji; moto wake ni wa moshi, unapaka mukate rangi kwa nje, ndani joto halifike. Zenye kukauka zinalala chini, toka mvua ianze."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, papa. Ulinijibu: 'Wewe beba tu.'"

Sikuli alikumbuka. Akavua koti, akaanza kupangua kuni mwenyewe; wote wakamfuata. Chini kabisa walikuta magogo makavu yaliyolia kama kengele yalipogonganishwa.

Jumamosi Sista alikata mkate katikati, akaunusa, akatafuna polepole. Prodige hakupumua.

"Huu sasa ni mkate," akasema Sista. "Leteni na Jumatatu."

Prodige akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la unga mgongoni. Sikuli akamshika bega mbele ya wote. "Unisamehe, mwanangu. Moto ulikuwa na kosa, nami nikakuchoma wewe."

"Nimesamehe, muzee," Prodige akajibu, "ila usinichome tena na kuni mbichi, moshi ni mingi!" Wote wakaangua kicheko, Mukamugema akiwa wa kwanza.

Jioni hiyo Sikuli alivitundika vile vijiti viwili ukutani, sambamba na diploma yake. Tangu hapo, kila aliyeuliza maana yake alijibiwa: akili ni nywele, kila mtu ana zake.