Mjomba Aliyeitwa Mkandarasi

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee. Harusi yenyewe ilikuwa ndogo. Na nikisema ndogo, wapendwa, sisemi ile ndogo yetu ya watu mia tatu na keki ya ghorofa. Nasema watu arobaini na wawili, turubai moja nyuma ya nyumba, viti vya kuazima kanisani, pilau ya masufuria mawili, na ndugu kutoka mbali waliolazwa kwa majirani, watatu kitanda kimoja, wakaamka bado wanacheka.

Mama huyu alijivuna, na haki ya kujivuna alikuwa nayo. Tangu alfajiri alizunguka na kitenge chake kipya, akionja chumvi, akipokea vigelegele, akimwambia kila shangazi aliyeshuka na mfuko wa maharage kwamba hakuna zawadi iliyopita hiyo. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni. Kaka yake.

Kaka yake alikuwa mchimba vyoo. Tuseme hivyo hivyo. Tuko kanisani, lakini vyoo tunavyo sote. Miaka ishirini na mitano alikuwa akishuka shimoni na sururu yake na ndoo ya kamba, na hakuna shimo lake lililowahi kutitia. Baba wa yule binti alipofariki, mtoto ana miaka mitatu, ni mjomba huyu aliyemlea. Alimpeleka shule akiwa amemkalisha mabegani, na udongo mwekundu wa mabega yake ukamwingia mtoto kwenye sare. Kwa desturi ya kwao, baba akiwa hayupo, mjomba ndiye humshika binti mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Hilo halikuwa na mjadala. Mjomba alishanyoa ndevu, akasugua mikono kwa jiwe na sabuni mpaka ikamwuma, akavaa koti lake, akaketi mstari wa mbele kungoja aitwe.

Msimhukumu dada yake upesi. Yeye mwenyewe alipoolewa, mawifi walimwuliza siku ya kwanza kwamba kwao wanafanya kazi gani, naye, kwa ujinga wa ubibi harusi, akasema kweli. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekwenda chooni katika nyumba ile bila kuaga: “Naenda mara moja kwa kina wifi.” Miaka sita. Sasa niambieni, mama kama huyo akimtazama binti yake akivalishwa shela, ataogopa nini?

Basi akaletewa karatasi ya utambulisho, ile anayosoma mshereheshaji. Upande wa bwana harusi walishajaza yao: mwalimu mkuu mstaafu, muuguzi, fundi umeme. Mama akakaa nayo jikoni. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Hakumwonyesha kaka yake, maana alijua angekataa. Jina pia hakuliweka. Aliona cheo kinatosha. Akaikunja, akampa mshereheshaji, akarudi kwenye pilau yake akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo.

Wakala. Wakacheza. Ikafika saa ya kumkabidhi binti. Bibi harusi akasimama katikati ya uwanja, mkono ameshauweka tayari kushikwa. Mshereheshaji akakohoa, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya redio:

“Sasa tunamwomba Mkandarasi wa Miundombinu ya Majitaka, mwakilishi wa familia, asogee mbele amkabidhi binti.”

Upande wa wakwe wakapiga makofi. Mkandarasi! Wakageuza shingo kumtafuta.

Na mjomba je? Mjomba naye akageuza shingo. Mtu huyu hakuwa mjinga, wapendwa. Alisikia kwamba kazi yake ya kumkabidhi binti amepewa mwingine, mkubwa kuliko yeye, na akadhani anaelewa sababu. Akavuta miguu yake chini ya kiti ili mheshimiwa apate njia. Kisha, kwa adabu zote, akapiga makofi.

Ni makofi hayo yaliyomvunja dada yake. Mshereheshaji alikuwa amerudia mara ya pili, na mkono wa bibi harusi ungali hewani peke yake. Mama akapita katikati ya watu, akainama sikioni kwa kaka yake.

“Kaka, simama. Unaitwa.”

“Wamemwita mkandarasi.”

“Ndiye wewe.”

Mjomba akamgeukia. Hakupandisha sauti. “Mimi sijui mtu huyo, dada. Ungeniambia tu nikae jikoni. Ningekaa.”

Mama alisimama pale, mbele ya wakwe aliotaka wamheshimu, akiwa na njia mbili. Angeweza kumbembeleza, kumnyanyua, na uongo ungepita salama hadi jioni. Au angeweza kuirudia ile siku ya kwanza mbele ya mawifi. Akaenda kwa mshereheshaji, akachukua kipaza sauti.

“Samahani, wakwe. Karatasi hii niliiandika mimi, na si ya kweli. Anayemkabidhi binti yangu ni kaka yangu. Anachimba vyoo. Amechimba cha zahanati, cha shule, na cha nyumba hii. Binti mnayemchukua amelelewa na mikono hiyo. Kama kuna wa kucheka, acheke sasa, mimi nipo.”

Mjomba akasimama hata kabla hajaitwa. Akafunga vifungo vya koti, akatembea taratibu kama mtu mwenye shamba lake, akaushika ule mkono.

Kicheko kilikuja, ndiyo. Kilitoka kwa bibi mmoja mzaa baba wa bwana harusi, mkongwe, fimbo magotini. “Basi mkwe huyo tuondoke naye kesho,” akasema. “Chetu kimetitia tangu masika, na hao wasomi wangu wote wanakizunguka tu.” Na vigelegele vilivyofuata, wapendwa, havikujua upande huu wala upande ule.

Sasa mmecheka, na mmemwonea mama yule huruma. Tujigeukie. Sisi karatasi zetu nani aliziandika? Ni ndugu gani ambaye tukiulizwa kazi yake tunajikunakuna na kubadilisha mazungumzo? Leo mkitoka hapa, kabla ya chakula, mpigieni simu mtu huyo.

Na kuna wengine humu mliojiandika vyeo wenyewe, hata katika maombi. Mnapiga magoti mkiwa watu wakubwa, watulivu, wenye nyumba zenye amani, kisha mnashangaa kwamba Mungu hawajibu. Atamjibu nani? Mtu huyo hayupo. Mwambie Mungu kazi yako halisi, na shimo ulilomo, na kina chake. Hutamshtua. Humo shimoni mlikuwa wawili siku zote.