Ngiri Aliyechimba Kaburi Lake

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala?

Mwamsheni!

Aliyeamka?

Asogee asikie!

Hapo zamani za kale, wanyama waliposema kama sisi, aliishi Ngiri na mkewe katika shimo zuri, kavu, lenye baridi ya kupendeza. Jirani yao alikuwa Fisi. Fisi alilala nje. Kila siku alilitazama shimo lile, akalitamani mno.

Siku moja Ngiri alikula matunda ya porini yaliyochachuka. Akala, akala, akala. Akaanguka mlangoni kwake chali, usingizi kama gogo.

Fisi akapiga kelele, "Jamani! Ngiri kafariki!"

Mke wa Ngiri akatoka mbio. "Kafariki vipi? Si anakoroma huyu?"

"Shemeji, wewe una uchungu, huwezi kujua," Fisi akasema. "Ngoja niwaite wanaojua."

Wakaja wajuzi watatu.

Wa kwanza Korongo, kutoka ziwani. "Kwetu kisichopimwa hakijulikani," akasema. Akatoa kamba yake, akampima Ngiri toka pua hadi mkia. "Aliye hai hujikunja. Huyu amenyooka. Amekufa."

Wa pili Fuko, kutoka chini ya ardhi. "Kwetu gizani, kujua ni kusikia." Akabandika sikio kwenye tumbo la Ngiri. Guru! Guru! Guru! "Hizo ni nyayo, na zinakwenda mbali. Ngiri hakufa. Amesafiri."

Wa tatu Kasuku, kutoka msituni, aliyehifadhi maneno ya mababu. "Kwetu mtu ni jina lake. Ukimwita, huitika." Akaita, "Ngiri!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita tena. Kimya. "Hajafa wala hajasafiri. Huyu bado hajazaliwa."

Wakaanza kubishana. Kelele zao zikamwamsha Ngiri.

"Kuna msiba wa nani?" akauliza.

"Wako," Korongo akajibu. "Tafadhali usituvuruge, tuko kazini."

"Lakini mimi ni mzima!"

"Umepokea habari hiyo kwa nani?" Kasuku akauliza.

"Kwangu mwenyewe."

"Basi ni uvumi."

"Na imetoka mdomoni," Fuko akaongeza. "Mimi nasikiliza tumbo."

Fisi akaruka katikati. "Waheshimiwa, mbona mmekubaliana? Aliyekufa hayupo. Aliyesafiri hayupo. Ambaye hajazaliwa hayupo. Ngiri hayupo! Shimo ni tupu! Tuzike, mimi nihamie."

Wajuzi wakatazamana. Wakaona maneno hayo yana akili.

Wakatafuta mchimbaji wa kaburi. Nani ana pembe za kuchimbia? Ngiri. Wakamwomba marehemu awasaidie. Naye, maskini, alikuwa mpole, hapendi kuwakatalia wageni. Akachimba. Akachimba vizuri sana, wote wakamsifu. Kila udongo uliporuka, machozi yalimdondoka.

"Wametoka mbali," akamwambia mkewe. "Labda wanajua."

Mkewe akaimba kwa hasira:

*Ngiri wangu, toka shimoni,*
*Wanakuzika unajibu,*
*Ngiri wangu, toka shimoni!*

Kisha akawageukia wajuzi. "Mtamzika. Lakini kwanza badilishaneni kazi. Korongo asikilize, Fuko aite, Kasuku apime. Mkiona yale yale, nami nitashika jembe."

Fisi akapinga. Lakini wajuzi walikuwa na hamu. Kila mmoja alitaka kuona upuuzi wa mwenzake.

Korongo akaweka sikio kwenye tumbo. Guru! Akaruka. "Kumbe ndani kuna kelele! Kamba yangu haikuniambia."

Fuko akaita, "Ngiri!"

"Naam!"

Fuko akashtuka. "Kumbe mdomo nao hutoa habari!"

Kasuku akamzungushia kamba tumboni. "Imekaza! Imelegea! Imekaza tena! Nani anaivuta?"

"Ni pumzi zangu," Ngiri akasema.

Safari hii wakamsikia. Wakainamisha vichwa, wakamtoa kaburini, wakamfuta udongo.

Fisi je? Alikwisha kuhamia. Alikuwa ndani ya shimo la Ngiri, amejinyoosha, anaimba. Ngiri akaingia, pembe mbele. Fisi akatoka akilia, mbavu zinavuja damu.

"Nisaidieni, nakufa!"

"Ngoja tukupime," Korongo akasema.

"Tusikilize tumbo," Fuko akasema.

"Tukuite jina," Kasuku akasema.

Fisi hakungoja. Alikimbia, na anakimbia mpaka leo.

Na tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje, apate kuwaona wajuzi wakija.

Wanangu, njia za kujua ni nyingi. Kila watu wana yao, na kila moja huona hiki ikakosa kile. Ukiwa na moja tu, usichimbe kaburi. Muulize mwenzako ameona nini. Na huyo unayemchunguza akifungua mdomo, msikilize.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chapwa, niachieni nikaitie chumvi.