Ng'ombe Hamsini wa Sultani Zahidi

Hapo zamani, penye kivuko cha mto mpakani mwa nyika, palikuwa na sultani aitwaye Zahidi, yaani mwenye kuikana dunia, jina ambalo wazazi wake walimpa kabla ya kumjua. Sultani huyu alipenda hesabu kuliko chakula, ingawa chakula nacho hakukionea haya. Basi siku moja akatoa amri kwamba mfugaji asiyeweza kutaja idadi ya mifugo wake si mwenye nao, na mifugo hao ni mali ya Sultani. Amri ilipendeza sana, hasa kwa aliyeitoa.

Alikuwapo Mborana mmoja fukara, jina lake Jaldesa, mwenye ng'ombe wachache na mtoto mchanga aliyeishi kwa maziwa yao, maana mkewe Talaso alikuwa na homa na kifua kimemkauka. Askari walipomwuliza ana ng'ombe wangapi, yeye akawatajia: yule mwekundu mwenye baka, yule mweusi mwenye pembe iliyopinda, na mamaye huyo, na dadaye, akaenda hivyo mpaka wakaisha wote. Askari wakasema hiyo si idadi, wakawaswaga. Jaldesa akamsikia mwanawe analia, akaingiwa na uchungu mkubwa, akatwaa fimbo yake akawafuata mpaka kwa Sultani.

Barazani watu wakamcheka. Sultani akasema, "Ewe Mborana, lugha yenu ina hesabu, au mwapigiana miluzi tu?"

"Inayo, bwana wangu," akajibu Jaldesa. "Tokko, lama, sadi, afur, shan: ndiyo moja, mbili, tatu, nne, tano. Twafika kudan, ambayo ni kumi, kisha twaongeza moja juu yake, na mbili, kama mfanyavyo ninyi. Sadi ikikua yawa soddoma, thelathini. Afur yawa afurtama, arobaini. Na shan yawa shantama, hamsini. Ila ng'ombe aliye hai hatumhesabu. Mtu huwashika mgongoni mmoja mmoja na kuwahesabu kwa sauti siku anapowatoa kwa mwingine tu, na yule asimamaye mlangoni mwa zizi na fimbo ndiye..."

"Yatosha!" akasema Sultani, ambaye hakuwahi kuiacha sentensi ya maskini ikafika mwisho. "Hicho ni kisingizio cha wavivu. Mbona maneno yenyewe mepesi? Mimi nitayajua kabla ya adhuhuri."

Jaldesa akainama. "Nalisadiki hilo, bwana wangu. Mimi mjinga yalinichukua utoto mzima. Basi na tuwekeane ahadi mbele ya kadhi. Wewe uhesabu zizi lako lote kwa lugha yetu na kwa desturi yetu, mkono mgongoni. Ukikosea, nirudishiwe ng'ombe wangu. Usipokosea, zizi zima lihukumiwe kwa desturi hiyo hiyo, nami sitalalamika."

Sultani akaapa papo hapo, maana alishajiona mshindi. Akafundishwa asubuhi yote, na kusema kweli alishika upesi. Tamaa ni mwalimu mzuri. Kisha akaingia zizini, Waziri Khatibu akimshikia mwavuli na kumsifu kwa kila ng'ombe. Jaldesa akasimama mlangoni na fimbo yake, akiogopa jambo moja tu, Sultani asije akachoka njiani. Nje ya ua walisimama Waborana wengine walionyang'anywa, kimya, wala hapana aliyethubutu kumtazama mwenziwe.

"Tokko! Lama! Sadi!" Ikawa kila mgongo unapata kofi na kila kofi linapata neno. Alipofika soddoma Sultani akakanyaga kinyesi, naye waziri akakisifu kinyesi kwa bahati yake. Mbele kwa mbele, mpaka akamfikia ndama wa mwisho kwenye kona, akampiga mgongoni na kuunguruma, "Shantama!"

Maamiri wakapiga makofi. Jaldesa akainua fimbo. "Nimepokea, bwana wangu. Mungu akuzidishie."

"Umepokea nini?"

"Ng'ombe hamsini. Nilikuwa nalieleza jambo hilo asubuhi, ukasema yatosha."

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akazishika ndevu zake kwa mikono miwili ili mdomo usionekane, akasema, "Kiapo ni chako, bwana, na hesabu ni yako. Sote tumeisikia. Sauti yako ilikuwa nzuri mno."

Ndipo kicheko kikatoka dirishani juu, na aliyecheka ni mamaye Sultani mwenyewe. Wakafuata Waborana, wakafuata askari, na mwisho waziri naye, akiisha kuhakikisha kwamba wenye kucheka ni wengi. Basi Sultani akacheka, maana hakubakiwa na jingine la kufanya.

Jaldesa akawaita wenzake, kila mtu akawatoa ng'ombe wake kwa rangi na kwa jina, na wale waliokuwa wa Sultani tangu kwa babake akamwachia. Hapo Sultani akaona haya kweli kweli. Akaifuta amri, akasema, "Jaldesa, kaa nami barazani, uwe mwalimu wangu."

"Nisamehe, bwana wangu," akasema Jaldesa. "Umejifunza kuhesabu asubuhi moja tu, zizi likakutoka. Nikikufundisha na kusoma, utalala wapi?"

Akawaswaga ng'ombe wake akaenda zake, na jua halijatua, mtoto wa Talaso akanywa akashiba.