Kitanda cha Shaame Kigego

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alitawala Sultani Mwinyikondo, mtu aliyependa karamu kuliko sala. Alipotaka kumwoza binti yake na zizi likawa tupu, akapiga mbiu kwamba anauza vitanda vya mpingo, kila kitanda kwa mbuzi mmoja. Watu wakatoa mbuzi, nao wakachinjwa na kuliwa. Ilhali mipingo ingali imesimama porini na seremala hajaitwa.

Miongoni mwa walionunua alikuwamo Shaame Kigego, fukara asiye na kitu ila ulimi wake na mbuzi mmoja. Alimtoa mbuzi huyo kwa kuwa mkewe, Bi Mize, alikuwa mjamzito, na mgongo ulimwuma kwa kulala chini. Mimba ikakua, kitanda hakikuja. Basi Shaame akaenda barazani kukidai.

"Kitanda nimekwisha kukuuzia, ni chako," akasema Sultani. "Kuchongwa ni jambo dogo, lisikushughulishe."

"Basi nirudishie mbuzi wangu, seyyid."

"Atakaye mbuzi wake na arudishe kwanza kitanda! Ukija mikono mitupu, utachapwa viboko."

Shaame akarudi nyumbani. "Mke wangu, furahi. Sultani asema kitanda ni chetu."

Bi Mize akafyonza. "Haya, kakilalie wewe. Mimi niachie mkeka."

Kesho yake watu wakashangaa kumwona Shaame na majirani watatu wakipita njiani, wameinama, mabega juu, jasho linawatoka, na mikononi hawana kitu. "Tupisheni!" akapiga kelele Shaame. "Mpingo mzito huu!" Mlangoni mwa jumba wakageuka ubavu, wakaingia kwa taabu, wakatua mbele ya Sultani.

"Seyyid, kitanda chako nimekirudisha. Kinalia mno mtu akijigeuza."

"Kitanda kiko wapi?"

"Hapo, bwana wangu. Angalia usijigonge ugoko."

Sultani akapandwa na hasira. "Mwongo mkubwa! Hapa hakuna kitanda!"

Shaame akainamisha kichwa kwa adabu. "Mashahidi wamesikia, seyyid. Kama hakuna kitanda, mbuzi wangu ulimla kwa kitu gani? Na kama kipo, ndicho hicho, pokea."

Waziri, kwa kutaka kumwokoa bwana wake, akakimbilia katikati ya baraza kumkamata Shaame.

"Lo! Waziri!" akamaka Shaame. "Wapanda kitandani na viatu?"

Waziri akaruka nyuma kabla hajafikiri. Hapo Sultani akashindwa kujizuia, akacheka hata kilemba kikamdondoka, na baraza lote likacheka pamoja naye.

"Mpeni mbuzi wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa mwanawe ajaye," akasema akijifuta machozi. "Na kitanda hiki kiondoeni, nisikione tena."

Sauti nyingi za wanunuzi wengine zikapaa kutoka uani: "Na vyetu, seyyid, vi njiani vyaja!"

Kicheko kikamkauka Sultani. Akaagiza ng'ombe aliowapokea kwa mahari ya binti yake watolewe zizini, wabadilishwe kwa mbuzi, kila mtu apewe wake. Kisha akamtuma mtu mbio akamwite seremala, safari hii vitanda vichongwe kabla ya kuuzwa.