Konzi ya Mwisho ya Mtama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, mvua ilipokuwa na adabu ya kupiga hodi, palikuwa na kijiji milimani, na mama mmoja, Mkawasi. Kazi yake ilikuwa kutunza kibuyu cha mbegu za mtama na kuwaangalia kumbikumbi. Wakitoka ardhini, yeye husema, "Chomeni!" Watu huchoma mabua mashambani, hupanda, na siku ya tatu mvua huja kuzima moto na kuotesha mbegu. Haikukosea hata mara moja.

Basi, kule kileleni likahamia zimwi, jina lake Fukuto. Tumbo kama ghala, lakini baridi haliiwezi! Likapita nyumba hadi nyumba na makaa ya ajabu.

"Chukueni, wapwa zangu! Kaa moja kila nyumba. Halizimiki, halitaki kuni. Ila msiniulize moshi wake unakwenda wapi."

"Nani ana haja na moshi?" akasema Mkawasi. "Kaa moja tu, litamdhuru nani?"

Akapika maharage asubuhi, maharage mchana, maharage jioni.

Siku moja, katikati ya kiangazi, kumbikumbi wakatoka. Mkawasi akahesabu miezi kwa vidole vya mikono. Akahesabu kwa vidole vya miguu. Vikakataa.

"Mama Mkawasi, tuchome?" akauliza jirani yake, Mzee Mwandoe.

"Mwezi si wenyewe. Lakini kumbikumbi ndio wenyewe. Aa... chomeni!"

Wakachoma, wakapanda konzi ya kwanza kati ya tatu zilizokuwa kibuyuni. Siku ya tatu wakatazama juu: mvua hakuna. Siku ya nne ukaja upepo. Moto ukaruka mashamba, ukapanda msituni, ukala miti na mizinga. Nyuki wakashuka kijijini kuuliza ni nani aliyefanya vile. Mbegu zikakaangika kama bisi.

Miezi ikapita, kumbikumbi wakatoka tena. Safari hii hakukuwa na cha kuchoma. Wakapanda konzi ya pili. Mvua ikaja siku hiyo hiyo, bila hodi, yote kwa pamoja, kama jamaa waliosikia kuna pilau. Mlima ulikuwa uchi, hauna mizizi ya kuyashika maji. Mafuriko yakabeba mbegu, yakabeba mbuzi, yakabeba kitanda cha Mzee Mwandoe, naye yu juu yake.

"Mama Mkawasi!" akapiga kelele akipita. "Hii ni masika au vuli?"

"Hata mimi sijui, baba! Shika tawi!"

Kibuyuni ikabaki konzi moja. "Hii ikipotea," watu wakasema, "tutakula hadithi."

"Zimwi limemeza mvua," akasema Mzee Mwandoe, akikamua kanzu yake.

Basi Mkawasi akapanda mlimani, kibuyu shingoni, mwiko mkononi.

"We Fukuto! Umemeza mvua yetu?"

"Mimi?" Zimwi lilikuwa limejifunika moshi kama blanketi, limenenepa hadi pango limepasuka, jasho linalitiririka. "Chungulia, shangazi."

Likafungua mdomo. Mvua hamna.

"Umemeza majira?"

Likafungua tena. Majira hamna.

"Sasa unakula nini ukanenepa hivyo?"

Likafungua mara ya tatu, likacheua. Mkawasi akanusa. Akanusa tena.

"He! Si maharage yangu haya?"

"Ni moshi wa jiko lako," likasema zimwi. "Na wa jiko la Mwandoe, na wa kila jiko. Mimi nilitaka joto kidogo tu, nyie mkanijaza. Sasa mawingu yananikimbia, na yakirudi, yanarudi na hasira."

Mkawasi akashuka mbio, akalibeba kaa lake kwa kigae, akalirudisha. Zimwi likapungua upana wa kidole. Kidole kimoja!

Akaenda kwa jirani.

"Na langu?" akasema Mzee Mwandoe. "Kaa moja tu, litamdhuru nani?"

"Ndivyo nilivyosema mimi. Kitanda chako kiko wapi?"

Mzee akalitoa. Nyumba ya pili, ya kumi, ya arobaini, wimbo ule ule: "Kaa moja tu, litamdhuru nani?" Wengine wakatoa, wengine wakaficha uvunguni, magodoro yakafuka moshi. Zimwi likapungua, lakini halikuhama. Watu wakaanza kuotesha miti mlimani.

Siku moja kumbikumbi wakatoka. Mkawasi akawatazama. Nao wakamtazama.

"Mnaniuliza mimi?" akasema.

Hakusema "Chomeni!" Akaigawa konzi ya mwisho mafungu matatu. La kwanza akalipanda siku ile. La pili akalipanda mwezi uliofuata. La tatu akalirudisha kibuyuni.

La kwanza likakauka. La pili likaota: mashina saba. Mkawasi akayahesabu kwa vidole, na safari hii vidole vikakubali.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kaa uvunguni asinitazame mimi. Funzo lake ni hili: kaa moja haliunguzi nchi, lakini kila nyumba ina lake.