Nyasi za Mama Elinaike

Imepokewa kutoka kwa wacha Mungu waliotutangulia kwamba palikuwa na kijiji mlimani kilichogawanywa na kijito. Upande huu walisali Wakatoliki, upande ule Walutheri, na wote walikuwa wameapishwa na wakubwa wao wasiingie kanisa la wenzao. Maji waliteka pamoja. Kuomba pamoja, la hasha! Mungu atusamehe ukaidi wetu.

Siku tatu kabla ya Pasaka, upepo uliezua kanisa la Wakatoliki. Katekista wao Melkiori, mja mnyenyekevu, aliketi kizingitini akalia. Padre alifika mara moja tu kwa mwaka, siku ya Pasaka, na asingesalisha pasipo paa. Watu kumi na wanne walikuwa wamefundishwa miaka mitatu ili wabatizwe siku hiyo, na msimu wa kukata nyasi za kuezekea ulikwisha pita.

Habari zikamfikia Mama Elinaike, mjane Mlutheri, aliyekuwa ameweka matita arobaini ya nyasi kwa ajili ya nyumba yake iliyovuja. Kesho yake yeye na wenzake wakayabeba, wakavuka kijito.

"Mama, si mliapa msiingie humu?" Melkiori akauliza kwa haya.

"Kuingia tumekatazwa, baba. Kupanda juu hatukukatazwa."

Lakini kuezeka si kazi ya mtu mmoja. Aliye juu huchoma sindano ya mti yenye kamba, na aliye ndani huipokea na kuirudisha. Basi Walutheri wakawa juu, Wakatoliki ndani, wakashona kutwa nzima bila kuonana.

"Vuta, shemeji!"

"Nimevuta! Wewe ndiye umelala huko juu!"

Ilipofika jioni walikuwa wakitaniana kwa majina.

Siku ya Pasaka, ibada ikiendelea, mvua ilimwagika. Melkiori akatazama mlangoni, akawaona Walutheri walioezeka, waliokuja kusikiliza ibada, wamesimama nje, wamelowa chapachapa.

"Ingieni, jamani!"

"Tuliapa, baba," Mama Elinaike akajibu, akitetemeka.

Melkiori hakubishana naye. Alimnong'oneza Padre, akabeba beseni la maji ya ubatizo, akatoka nalo. Padre akamfuata, na kanisa zima nyuma yake. Wote kumi na wanne wakabatizwa mvuani, Walutheri wakiwashika mabega, na paa jipya halikumsitiri mtu.

Ndugu zangu, nampenda sana mama yule. Nyumba yake ilivuja masika yote, na kila iliponyesha Wakatoliki walivuka kijito na vyungu vyao kumsaidia kukinga matone. Mwenyezi Mungu atujalie kupendana hivyo, hata kabla wakubwa wetu hawajapatana.