Kishingo wa Marehemu Namsifu

Hapo zamani, kabla chanjo haijajua njia ya kupanda mlimani, kideri kiliijua. Kilipanda kila kiangazi, mahindi yakishavunwa, wala hakikupiga hodi. Kuku aliamka amejikunyata, jioni shingo imempinda, kesho yake amekufa. Dawa ilikuwa moja tu: watu wakisikia kideri kimefika kijiji cha chini, waliwala kuku wao kabla ugonjwa haujawala. Ndiyo maana msimu wa msiba wa kuku ulikuwa pia msimu wa watu kunenepa.

Mwaka huo Elinazi alikuwa amefiwa na mkewe, Namsifu, wakati wa masika. Mke alimwachia mbuzi na kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Sura hawakuwa nayo, lakini mbegu yao Namsifu aliileta mwenyewe kapuni siku alipoolewa. Habari za kideri zilipofika, majirani wakanoa visu. Elinazi naye akanoa. Akaketi uani na kisu mkononi, akawatazama kuku wakichakura, kisha akainuka akaenda kuwakatia mbuzi majani kwa kisu kile kile.

Akaja shemeji yake, Nakijwa, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, huchinji?"

"Kesho."

"Kesho ya kideri haina kuku." Akamkamata tembe mmoja ambaye hajaanza kutaga, akamtia kapuni. "Huyu namficha kwangu. Hao wengine jiandae kuwazika."

Na kweli aliwazika wote, migombani, mmoja baada ya mwingine.

Sasa, kijijini alikuwepo Mrindoko, mtu ambaye mkono wake ulilijua kila banda. Aliingia jikoni kwa Nakijwa, akamwiba yule tembe. Hakuwa na nia nyingine zaidi ya mchuzi. Haukupita muda, kideri kikaingia jikoni humo humo. Kuku wa Nakijwa wakaisha.

Mrindoko alikuwa amekwisha kuinjika sufuria pale mama yake, Bi Eshimendi, alipoiona ile shingo.

"Kuku wa nani huyo?"

"Wa porini, mama."

"Porini kuna kuku wa Namsifu? Mguu wangu ulipovunjika, marehemu alinichotea maji mpaka nikasimama. Ukimchinja huyo, unichinje mimi kwanza."

"Wewe, mama, huna nyama."

Bi Eshimendi alimpokonya kuku, akamkumbatia, akakaa hivyo mpaka moto ukazimika. Tembe akafichwa kwenye zizi la mbuzi. Akataga, akaatamia, na vuli ilipoanza akatoka na vifaranga, vyote shingo tupu. Mama akamwambia mwanawe, "Twende ukamrudishe."

Wakamrudisha uani kwa Elinazi, Nakijwa naye akaja. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, maana sheria ya kijiji ilikuwa hii: mnyama aliyenyakuliwa kwenye kifo ni wa aliyemnyakua. Aliyemtoa mbuzi wa mwenzake shimoni aliondoka na mbuzi. Na kuku yule ndiye aliyekuwa kishingo pekee aliyesalia mlimani kote, yeye na vifaranga vyake visivyoweza kutenganishwa naye. Elinazi alikwisha kupewa pole za kutosha. Alichotaka ni kuku yule.

Nakijwa akaanza. "Nilimtoa kwa Shemeji, ambako wote walikufa. Ni wangu."

"Nami nilimtoa kwako, ambako wote walikufa," akasema Mrindoko. "Tofauti yetu ni nini, dada? Kwamba wewe ulipita mlangoni?"

"Ulikwenda kuiba!"

"Kideri hakikuniuliza nia yangu."

Bi Eshimendi akagonga fimbo chini. "Huyu alimwokoa na ugonjwa ili ampeleke kwenye sufuria. Bila mimi, leo mngekuwa mnagombea mifupa."

Wakamgeukia Elinazi, Nakijwa akauliza, "Nawe, Shemeji? Sema basi."

"Mimi sikumwokoa na chochote," akasema Elinazi. "Nilishindwa tu kumchinja."

Mrindoko akaangua kicheko. "Haya, na mvivu naye apewe haki yake!"

"Apewe," akasema Elinazi taratibu. "Kama ningekuwa mwanamume mwenye akili kama majirani zangu, kuku huyu angeliwa kabla ninyi hamjaanza wema wenu."

Mvua ikaanza kudondoka. Kuku akatandaza mbawa, vifaranga vikaingia chini yake, akatulia pale pale uani katikati ya watu wanne, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Haya, ninyi mliokaa pakavu mkisikiliza, amueni. Yupo aliyemficha mahali pa kufia. Yupo aliyemwiba akamponya. Yupo aliyemkinga na kisu cha mwanawe. Na yupo aliyekaa na kisu mkononi, asiweze. Je, ni nani aliyemnyakua kuku yule kwenye kifo, na mvua hiyo inaponyesha, akalale kwa nani?